Fumba: nyumba za dola juu ya ardhi isiyouzwa

Chukua dola 100,000. Kwa Zanzibar ya leo hicho ndicho kizingiti: mgeni anayenunua nyumba yenye thamani hiyo au zaidi, ndani ya mradi unaotambuliwa na Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar (ZIPA), hupata kibali cha ukaazi yeye, mwenza wake na watoto hadi wanne walio chini ya miaka 20. Sasa igeuze shilingi. Dola moja ukiihesabu kwa 2,500, ni shilingi milioni 250. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kutoka 300,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Mtumishi huyo akiweka mshahara wote, asile, asipande daladala, asinunue hata kiberiti, atafikisha bei hiyo baada ya miezi 720. Miaka 60.

Hesabu hii watu huipenda, na ni ya kweli. Tabu yake ni kwamba haielezi tatizo lilipo. Mtu wa mshahara wa 347,000 hakuwa sokoni kutafuta fleti ya milioni 250, kwa hiyo hakuna aliyemzidi bei. Ukiishia hapo, mwekezaji atakujibu kwa haki kabisa: sikumtoa mtu nyumbani kwake, nimejenga palipokuwa na mawe na vichaka, nimeleta ajira. Na mjadala unafungwa. La kuuliza ni jingine. Mradi wa namna hii ukisimama, nani hasa anabanwa, anabanwa kwa njia gani, na ile thamani iliyoongezeka kwenye ardhi imeingia mfukoni mwa nani? Rasi ya Fumba, kusini ya uwanja wa ndege wa Unguja, ni mahali pazuri pa kuyafuatilia hayo, kwa sababu pale mambo yote yamekutana: sheria, dola, vijiji, na mji unaokuja mbio kutoka upande wa Kisauni.

Ardhi ni ya Serikali, minazi ni yangu

Rasi yenyewe inaingia baharini ikiikabili Ghuba ya Menai, ambayo sehemu yake kubwa ni hifadhi ya bahari tangu 1997. Dimani, Nyamanzi, Bweleo na Fumba ni vijiji vya wavuvi na wakulima wa maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe ambayo haifai kulima mpunga, lakini muhogo, ndimu na minazi hupata pa kushika. Katika miaka ya 1990, Zanzibar ilipogeuka kutoka uchumi wa karafuu na amri za Serikali kwenda uchumi wa wawekezaji, Fumba ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi, sambamba na Micheweni kule Pemba. Kwa muda mrefu tangazo lile lilibaki kwenye karatasi. Katikati ya miaka ya 2010 ndipo kampuni ya CPS, yenye uongozi wa Kijerumani, ilipoanza kujenga Fumba Town kwenye takriban hekta 60 za ufukweni upande wa Nyamanzi. Jirani yake kundi la Bakhresa, la Mtanzania mzaliwa wa Unguja, likaanzisha Fumba Uptown Living. Kwa hiyo tangu mwanzo mtaji wa kigeni na mtaji wa nyumbani umekaa ubavu kwa ubavu, na yeyote anayetaka kulisimulia jambo hili kama Wazungu dhidi ya Wazanzibari atalazimika kulikata nusu.

Kisheria, hakuna kipande cha Fumba kilichouzwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilifanywa ya umma, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992, Namba 12, ikalirudia hilo kwa lugha ya wanasheria: ardhi iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia. Asiyekuwa Mzanzibari hapewi, na hapo hata Mtanzania wa Bara anahesabiwa yumo katika wasiopewa, jambo linalowaudhi wengi wa upande ule. Mwekezaji wa nje hukodishiwa kwa mkataba, na kwa Fumba mikataba inayotangazwa ni ya miaka 99. Halafu ikaja sheria ya mwaka 2010 ya umiliki wa sehemu za majengo. Sheria hiyo iliitenganisha fleti na udongo uliopo chini yake. Ghorofa ya tatu inaweza kuwa yako kwa hati, ukaiuza, ukairithisha, wewe ukiwa na pasi ya Poland, ya Afrika Kusini au ya Oman, na kiwanja kikabaki cha umma.

Utenganisho huo si mgeni Zanzibar. Kwa mila za Unguja na Pemba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kurithi minazi saba iliyosimama katikati ya shamba la mwingine, na kesi za namna hiyo zimejaa mahakama za kadhi. Sheria ya kisasa iliipokea mila hiyo kwa namna yake: kwa kuwa ardhi ni ya Serikali, anayeondolewa hulipwa kwa alichokipanda na alichokijenga. Ofisa anapokuja kutathmini anahesabu minazi inayozaa, minazi michanga, miembe, midimu, banda, kisima, ukuta. Kila kimoja kina bei yake. Jiwe tupu halina bei. Mkulima wa maweni, ambaye eneo lake ni kubwa lakini miti yake ni michache kwa sababu mawe hayaruhusu zaidi, ndiye anayeondoka na kidogo kuliko wote, ingawa ndiye aliyekuwa amekalia ufukwe.

Nikiulizwa Fumba ilipoanza kwenda upande, nitaonesha hapo kabla ya kuonesha bei za fleti. Fidia ya miti ilikuwa na mantiki zama ambazo ardhi haikuwa na soko. Siku ardhi hiyo hiyo inapopata barabara, umeme, maji na karatasi ya miaka 99, inahesabiwa kwa mita ya mraba na kwa dola. Tofauti kati ya bei ya mnazi na bei ya mita ya mraba ni kubwa mno, na karibu yote hutengenezwa na uamuzi wa Serikali: kutangaza eneo huru, kutoa misamaha ya kodi, kuruhusu faida kupelekwa nje, kuambatanisha kibali cha ukaazi. Thamani iliyotengenezwa na umma inagawanywa baina ya mjenzi, wanunuzi wa mwanzo wanaonunua kwenye ramani na kuuza tena kabla hawajalala humo hata usiku mmoja, na Hazina kwa kiasi cha kodi na ada. Aliyekuwa na minazi kumi na mbili hayumo kwenye mgao. Alishalipwa.

Tuseme pia la upande wa pili, kwa sababu lipo. Mji ule una mifereji, maji taka yanakwenda yanakotakiwa kwenda, takataka zinachambuliwa na kuzolewa. Mtu aliyewahi kuvuka Jang'ombe au Mwanakwerekwe wakati wa masika atajua hilo si jambo la kudharau. Vijana wa vijiji vya jirani wamepata kazi za ujenzi, bustani na ulinzi. Na wanunuzi si wageni watupu: wamo Watanzania wa Bara ambao hii ndiyo njia yao pekee ya kumiliki chochote Unguja, na Wazanzibari wenye biashara zao mjini.

Mwalimu na kiwanja chake

Sasa tumchukue mwalimu wa skuli ya sekondari. Ni mfano tu, lakini kila mtu Unguja ana wake wa kumfananisha naye. Mume wake ana duka la vipuri vya pikipiki. Wana watoto wanne, wamepanga vyumba viwili Fuoni, na wanaota nyumba. Hawaendi benki wala ofisi ya mauzo. Wanafanya kama walivyofanya wazee wao: wanatafuta kiwanja, wanafyatua matofali mia mbili mwezi huu na mia mwezi ujao, wanamwaga msingi, wanasubiri. Kuta zinapanda mwaka wa pili au wa tatu. Bati linapopigwa wanahamia, madirisha yakiwa na mbao za kubandika, na plasta inakuja pole pole miaka mingine mitano. Nyumba nyingi za Ng'ambo, ule mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na za pembezoni mwa mji zimejengwa hivyo, mara nyingi bila ramani ya mipango miji, na ndizo zilizowapa watu makaazi kwa miongo mingi kuliko shirika lolote.

Fumba inamfikia mwalimu huyu kwa njia tatu, na hakuna hata moja inayopita kwenye ofisi ya mauzo.

Ya kwanza ni dalali. Kiwanja cha Kombeni, ambacho miaka kumi na tano nyuma kilikuwa shamba la mihogo, leo kina jina jipya. "Mwalimu, hii si Kombeni ile ya zamani, hii ni njia ya Fumba." Hakuna bomba la maji, hakuna barabara ya ndani, hati hakuna; kuna karatasi ya mauziano yenye saini ya sheha na mashahidi wawili. Lakini bango la barabarani limeandikwa bei kwa dola, na mwenye shamba amelisoma. Bei ya kiwanja sasa haitokani tena na kipato cha wanunuzi wa Kombeni. Inatokana na matumaini ya muuzaji kwamba mradi utasogea. Na wauzaji ni nani? Ni wanakijiji wenyewe, wajomba na mashangazi wa hao hao wanaolalamika kwamba vijana hawana pa kujenga. Anayeuza leo anapata fedha za harusi, za kutibia mzee, za kununua bodaboda. Simlaumu. Amejifunza kwamba ardhi yake inaweza kuchukuliwa siku yoyote kwa bei ya miti, kwa hiyo kuiuza mapema ndiyo akili.

Ya pili ni mchanga, na hapa watu hawatazami sana. Unguja ni kisiwa kidogo na mchanga wa kujengea hauoti. Mashimo ya Kaskazini Unguja yamechimbwa hadi Serikali ikalazimika kudhibiti uchimbaji na biashara yenyewe, mchanga ukawa kitu cha kibali na foleni. Saruji na nondo zinavuka bahari kutoka Tanga na Dar es Salaam. Mradi mkubwa unaagiza kwa shehena na unaweza kungoja. Mwalimu ananunua gari moja la mchanga, na gari hilo likipanda bei msingi wake unalala mwaka mwingine ukiota majani. Fundi naye, yule anayejua kunyoosha ukuta na kuweka vigae visiachane, amehamia kwenye miradi ambako kuna malipo ya kila wiki. Anayebaki mtaani ni mwanafunzi wake.

Ya tatu ni kodi ya nyumba. Wakati msingi unalala, familia inaendelea kulipa pango, miezi sita mbele. Kwenye ukanda wa pwani ya mashariki na kaskazini hali hii ni kali zaidi. Paje, Jambiani na Nungwi zimejaa wafanyakazi wa hoteli kutoka Bara na kutoka Kenya, wote wanahitaji chumba, na mwenye nyumba kijijini amegundua kwamba chumba cha uani alichokuwa akimwekea kijana wake kabla hajaoa kinaweza kuingiza fedha kila mwezi. Watalii waliofika Zanzibar walikuwa 538,264 mwaka 2019 na 736,755 mwaka 2024. Kila ongezeko la vitanda hotelini ni ongezeko la watu wa kuvitandika, na watu hao lazima walale mahali. Mji Mkongwe una hadithi yake nyingine, ya nyumba za mawe kugeuka hoteli tangu miaka ya 1990, na kuingizwa kwake kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 kuliuongezea mvuto bila kuwaongezea wakaazi wake vyumba. Hiyo inahitaji makala yake yenyewe.

Pesa rahisi na pesa ghali

Mara nyingi tunasema wageni wana pesa nyingi kuliko sisi. Ni kweli, lakini kuna jambo la chini zaidi: pesa yao yenyewe ni rahisi kuliko yetu. Mjerumani aliyekopa mwaka 2021 kwa dhamana ya nyumba yake alilipa riba ya karibu asilimia 1 kwa mwaka. Tanzania, mkopo wa nyumba huenda kwa asilimia 15 hadi 19. Weka namba. Mwalimu wetu na mumewe wakikopa milioni 60, ambazo ni chini ya robo ya kile kizingiti cha dola 100,000, kwa asilimia 17 na miaka 20, watalipa karibu shilingi 880,000 kila mwezi. Hiyo ni mishahara miwili na nusu ya kima cha chini, kabla hawajanunua kilo ya mchele. Tena hapo tunadhania benki imekubali, na benki itataka hati, na kiwanja cha njia ya Fumba kina saini ya sheha.

Zaidi ya hilo, kwa Wazanzibari wengi riba yenyewe ni haramu na hawaigusi. Zipo benki zinazotoa njia ya Kiislamu, Benki ya Watu wa Zanzibar ikiwa mojawapo: benki inanunua, inakuuzia kwa faida iliyojulikana. Dhamiri inapumua. Rejesho la mwezi halipungui sana, maana benki nayo inapata fedha zake kwenye soko hilo hilo ghali.

Kwa hiyo nyumba moja ikiwa mbele ya watu wawili wenye kipato kinachokaribiana, yule wa nje bado atashinda. Hili linawahusu madaktari, wahandisi na wafanyabiashara wa Darajani kuliko linavyomhusu mtumishi wa 347,000. Tabaka hilo la kati lingeweza kununua nyumba za kisasa, likaacha viwanja vya Kombeni kwa walimu, na walimu wakaacha vyumba vya Fuoni kwa wanaoanza maisha. Likikwama juu, linashuka. Daktari aliyeshindwa bei ya fleti anakwenda Kombeni, na dalali anafurahi.

Nani wengine wanakuja Kombeni? Ndugu zetu. Mzanzibari aliyeondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 au machafuko ya 2001, na watoto wake waliozaliwa Muscat, London au Toronto wengi wao kwa pasi ni wageni, kwa sababu Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili. Wanaweza kununua fleti Fumba kama mgeni yeyote. Lakini wengi hawataki fleti. Wanataka nyumba yenye uwanda, karibu na jamaa, na wanaijenga kwa jina la dada au mpwa. Nyumba nzuri za Mbweni na Mazizini nyingi zimejengwa kwa riali na pauni. Kwa mwalimu wetu, shindano la kweli la kiwanja liko hapo zaidi kuliko kwa mstaafu wa Ulaya anayenunua chumba kimoja chenye roshani ya kutazama bahari. Hatulisemi hili, kwa sababu fedha zile zile ndizo zinazolipa hospitali ya bibi na ada ya chuo.

Wajerumani wa kwanza

Kuna kejeli moja ya historia siwezi kuiruka. Zanzibar ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, mwaka 1964, na sehemu ya shukrani iliyorudi ilikuwa nyumba: fleti za Kikwajuni na Kilimani. Karume aliahidi makaazi ya kisasa kwa wananchi, na mpango wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa na Mjerumani Hubert Scholz, ukazaa Michenzani, yale majengo marefu kumi yaliyopangwa msalaba katikati ya Ng'ambo. Watu ambao nyumba zao za udongo zilibomolewa walipewa fleti bila kodi.

Sitaki kuyapamba. Kazi ya kuyajenga iliitwa ya kujitolea na si kila mtu alijitolea kwa hiari. Familia zilizokuwa na ua, kuku na jiko la nje zilipandishwa ghorofani, na maji ya bomba yakawa tatizo kwa wa juu hadi leo wanabeba ndoo. Hata hivyo angalia jinsi swali lilivyogeuka ndani ya miaka hamsini. Wakati ule Serikali ilijiuliza: wananchi wetu watakaa wapi? Ikaita wataalamu wa Kijerumani. Safari hii ikajiuliza: ardhi yetu itaingiza nini? Ikaita kampuni yenye uongozi wa Kijerumani. Wote wawili wamefanya walichoitiwa.

Na lile swali la kwanza halijajibiwa. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678. Ya 2022 ikaukuta na 893,169. Ni ongezeko la karibu watu 30,000 kila mwaka. Ukihesabu watu watano kwa kaya, mkoa huo peke yake unahitaji nyumba mpya kama 6,000 kwa mwaka. Miradi ya Fumba, hata ikikamilisha maelfu ya nyumba inazozipanga, na hata zote wakipewa wenyeji, ingekidhi haja ya mwaka mmoja hivi. Shirika la Nyumba Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, limejenga kidogo, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii nao umejenga fleti Mbweni ambazo wanachama wengi wanaochangia mfuko huo hawawezi kuzinunua. Anayedhani kumfukuza mgeni kutamaliza uhaba wa nyumba Unguja hajaipigia hesabu sensa.

Wengine wamefanyaje

Nchi zilizofunga mlango zilikuwa na ugonjwa tofauti. New Zealand iliwazuia wageni wengi kununua nyumba zilizokwishajengwa mwaka 2018, kwa sababu walikuwa wakishindana na wenyeji mnadani kwa nyumba ile ile. Australia kwa miaka mingi imekuwa ikiwaelekeza wageni kwenye nyumba mpya ili waongeze idadi badala ya kugombania zilizopo. Zanzibar kwa bahati ya sheria zake imeshafika hapo: mgeni hanunui nyumba ya Mwembetanga, ananunua kwenye mradi mpya. Ureno na Hispania zilikuwa zikitoa ukaazi kwa wanunuzi wa nyumba. Ureno iliondoa njia hiyo mwaka 2023 na Hispania Aprili 2025. Sisi tumeifungua wao wakiifunga, jambo ambalo lingepaswa angalau kutufanya tuwaulize kwa nini.

Mfano unaotufaa zaidi uko Bahari ya Hindi hii hii. Mauritius nayo inauza nyumba na ukaazi kwa wageni, lakini kwenye mpango wake mkuu kiwango cha kupata ukaazi ni dola 375,000. Kwa bei hiyo mgeni anapanda ngazi ambayo daktari wa kule hakuwa akiikanyaga. Kizingiti cha dola 100,000 kiko palepale anaposimama Mzanzibari mwenye nafuu. Na kizingiti kina tabia ya kugeuka bei: mjenzi anayejua kwamba mteja anatafuta kibali atachora fleti nyingi zinazoanguka juu kidogo ya namba hiyo. Kukipandisha kungewapunguza wateja wa miradi, na wajenzi watapiga kelele. Naona kelele hizo ni halali na bado kingepandishwa.

Singapore, ambayo viongozi wetu huitaja kila wanapotaka kutupa moyo, tangu Aprili 2023 inamtoza mgeni ushuru wa nyongeza wa asilimia 60 ya bei ya nyumba. Inaweza kufanya hivyo bila hofu kwa sababu takriban wananchi wanane katika kila kumi wanakaa kwenye nyumba za umma zilizo nje ya soko la wageni. Kipande hicho cha pili cha Singapore hakitajwi kwenye hotuba.

Machi 2025 kanuni za Serikali ya Muungano zilikataza kupanga bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Wengine walidhani hiyo ni dawa. Bei iliyopigiwa hesabu kwa dola ikaandikwa kwa shilingi ina sifuri nyingi zaidi, basi.

Kinachoweza kufanyika kina mambo machache, na yote yanaanza kabla ya jengo. Fidia ihesabu eneo na mapato yatakayotokana nalo. Kijiji kinachotoa ufukwe kipate sehemu ya kodi ya ardhi kila mwaka na si hundi moja. Kila mradi unaopewa misamaha utoe idadi fulani ya nyumba, au fedha zake, kwa Shirika la Nyumba, kwa bei ya shilingi inayopimwa kwa mishahara ya hapa. Na ardhi ya Kombeni, Dimani na njia yote ile ipimwe na kupewa hati sasa, kabla bei haijapanda tena, ili mwalimu akiwa na kiwanja awe na kitu ambacho benki inakitambua na Serikali haiwezi kukichukua kwa kuhesabu miembe.

Mikataba ya miaka 99 iliyoanza katikati ya miaka ya 2010 itaishi hadi baada ya 2110, na hakuna atakayeifungua upya kwa sababu ya makala. Ila Micheweni, lile eneo huru la pili, kwa kiasi kikubwa bado ni maweni na minazi. Kabla ofisa hajaja kuhesabu mti wa kwanza, masheha wa kule waulize kwa maandishi mita ya mraba itauzwa kwa kiasi gani baada ya barabara kufika, na jibu hilo liingizwe kwenye mkataba.